Kiesperanto: unasoma vizuri lakini ukisikiliza unapotea? Jaribu mashairi ya vina (uzi wa mazoezi)

Ngamia_wa_Dodoma

Wakuu heshima yenu, wakubwa shikamooni.

Uzi huu ni wa kundi moja tu: wale wanaosoma Kiesperanto, ile lugha ya kimataifa iliyotungwa, bila shida, hata barua wanaandika, ila mtu akifungua mdomo wanabaki kutikisa kichwa na kutabasamu. Tangu Kongamano la Dunia la Kiesperanto lije Arusha Agosti 2024 (la 109, na la kwanza kufanyika Afrika), swali lao limerudi humu mara nyingi: nisikilize nini ili sikio lifunguke? Wanajibiwa redio, podikasti, video. Sina ugomvi na hayo. Ninachosema ni kwamba kwa sisi tuliolelewa na Kiswahili kuna dawa ya karibu zaidi, nayo ni mashairi. Siyo mashairi huru. Nasema yale ya zamani yenye vina na mizani.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Kiswahili humaliza kazi mapema. Mtu akitamka "hatuta..." tayari unajua ni sisi, ni kukanusha, ni wakati ujao; kitenzi chenyewe hakijafika. Kiesperanto kinakwenda kinyume. Mzizi unatangulia, sarufi yote inaning'inia mkiani: -o ni nomino, -a kivumishi, -e kielezi, -as sasa, -is ilishapita, -os bado, -j wingi, -n anayetendewa. Halafu mkazo, kama kwetu, uko silabi ya pili kutoka mwisho. Unganisha hayo mawili: sarufi iko kwenye silabi ya mwisho, na silabi ya mwisho ndiyo ambayo msemaji ameshaishushia sauti. Sikio letu linasubiri habari mlangoni, habari zinapita uani.

Kwenye maandishi huoni tatizo hili kwa sababu jicho linaona mkia sawasawa na kichwa. Ndiyo maana mtu anasoma riwaya lakini hatofautishi "mi vidas" na "mi vidis" vikisemwa haraka.

Sasa kina kinafanya nini? Kinamlazimisha mshairi kuutuliza mkia ili usikike, na kinakulazimisha wewe kuungoja. Mizani nayo inakupa hesabu. Kiesperanto kuhesabu mizani ni rahisi kuliko hata Kiswahili, maana kila vokali ni silabi moja, basi. Kwetu kuna "m" ya mtu na "n" ya nchi zinazohesabiwa peke yake, kwao hakuna. "Mia" mbili, "kiu" mbili, "flugiloj" tatu, kwa sababu ile j si vokali, ni y yetu.

Mfano. Zamenhof mwenyewe, yule daktari wa macho aliyetoa kijitabu cha kwanza cha lugha hii Warsaw mwaka 1887, alikuwa anaandika mashairi. Ndani ya kijitabu kile kidogo tayari aliweka shairi, yaani lugha haijapata hata wasemaji yeye ameshaitia kwenye vina. Mwaka 1896 akaandika La Vojo, Njia. Mishororo minne ya mwanzo hii hapa:

Tra densa mallumo briletas la celo,
al kiu kuraĝe ni iras.
Simile al stelo en nokta ĉielo,
al ni la direkton ĝi diras.

Kwa Kiswahili cha haraka: katika giza nene lengo linametameta, lile tunaloliendea kwa ujasiri, kama nyota katika anga la usiku, linatuambia upande wa kwenda.

Hesabu: 12, 9, 12, 9. Mapigo yanakwenda hafifu-zito-hafifu, tra DEN-sa, mal-LU-mo, bri-LE-tas, la CE-lo. Ukishalishika pigo hilo huwezi kupotea tena, kwa sababu unajua silabi nzito inayofuata inaangukia wapi. Na angalia mshororo wa pili, "ni iras". Masikio mengi yatasikia i moja ndefu na kuandika "niras". Ukihesabu utapata 8. Shairi linataka 9. Basi kuna i nyingine umeimeza.

Mazoezi ninayoyafanya na wenzangu: tunasikiliza ubeti mara ya kwanza bila karatasi, tunagonga meza tu. Mara ya pili tunaandika neno la mwisho la kila mshororo, hilo tu, mengine tunaacha. Mara ya tatu ndipo tunajaza yaliyobaki, na pale usipoelewa unaweka vistari kwa idadi ya silabi ulizozisikia, huandiki neno la kubuni. Maandishi yanafunguliwa mwisho kabisa. Baada ya hapo unaghani mwenyewe na kujirekodi kwa simu. Hatua hii watu wanairuka kwa aibu, na kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa, kwa sababu mkia usioutamka hutausikia kwa mwingine.

Rekodi mtapata wapi: LibriVox kuna sauti za Kiesperanto za bure zilizosomwa na watu wa kujitolea, YouTube kuna waghani wa kila aina. Msipopata, mmoja asome wengine wasikilize, inatosha.

Kazi ya leo: nimeweka sauti yangu nikisoma mishororo minne inayofuata ya ubeti huohuo. Msiangalie maandishi. Leteni mlichosikia.

Msomi_Njaa

Naweka kambi hapa. Nitarudi jioni nikishapata hedifoni.

Tingatinga001

Lugha ya kutengenezwa ya nini jamani? Si mjifunze Kichina mpate kazi.

Ngamia_wa_Dodoma

Mkuu Tingatinga, hilo lina nyuzi zake humu na zimejaa. Hapa tunafanya mazoezi.

Kaa_la_Moto

Ngamia mimi napinga, na napinga kwa heshima. Mashairi yanapindisha lugha. Chukua lile shairi la Zamenhof la moyo, lililomo kwenye hicho kijitabu cha 1887 unachokisifia. Kuna mshororo unasema "Jam teni min ne povas mi facile." Mtu gani anaongea hivyo? Mtu wa kawaida angesema "mi jam ne povas facile teni min", siwezi tena kujizuia kirahisi. Ukimfunza mwanafunzi kwa lugha iliyopinduliwa kichwa chini miguu juu, siku akikutana na Mjapani anayeongea kawaida atababaika zaidi. Habari za redio ni bora: sentensi nyoofu, mada unaijua, majina ya nchi yanakusaidia. Pola Retradio wana vipindi vya kutosha, Muzaiko inacheza saa zote. Kuna haja gani ya kuhangaika na washairi wa karne ya kumi na tisa?

Ngamia_wa_Dodoma

Kaa, umeleta mshororo mzuri kuliko nilioleta mimi. Usikilize tena. Una "min" na una "mi" ndani yake. Mmoja anazuiwa, mwingine anashindwa kuzuia, na wote ni mtu yuleyule. Kwenye habari ya redio huhitaji kuzisikia hizo n kwa sababu mpangilio unakubebea: wa kwanza ndiye mtenda, wa mwisho ndiye mtendwa, unakisia na unapatia. Ukiendelea hivyo unaweza kusikiliza redio kwa muda mrefu sana bila kuisikia -n hata siku moja. Halafu Mjapani wako anasema "tion mi ne scias", kitendwa mbele, na wasemaji wa kawaida wanasema hivyo kila siku, hapo unazama.

Shairi linakunyang'anya mpangilio. Unabaki na mkia tu.

Kaa_la_Moto

"Min ne", n mbili zimegusana. Hata mzawa, kama yupo, asingesikia kama ni "mi ne" au "min ne". Ndiyo hoja yangu hiyo. Unamfunza mtu kusikia kitu kisichosikika.

Umurundi_wa_Gitega

Amahoro ndugu zangu. Wazawa wapo ndugu Kaa, wachache, waliozaliwa na wazazi waliokutana kwa lugha hii. Lakini hilo tuliache.

Mimi ninataka kuongeza jambo la konsonanti. Sisi huku Burundi, na hata ndugu zetu wa Kongo, wengi tulifika kwenye Kiesperanto tukipitia Kifaransa cha shule. Kifaransa kinapeleka uzito mwisho wa neno. Kwa hiyo tatizo la Ngamia kwetu lina upande wa pili: mkia tunautamka vizuri sana, tunaukandamiza hadi mkazo unahama. Shairi la mapigo limenisaidia kurudisha mkazo mahali pake, maana ukikosea pigo linakwama mdomoni mwako mwenyewe.

Na konsonanti zinazofuatana: "brusto", "scias", "maltrankvile". Sikio la Kibantu linapenda kuchomeka vokali, unasikia "burusto", na mizani yako inavimba. Nilifundishwa kupiga kofi kwenye vokali tu. "Mal-tran-kvi-le", makofi manne hata kama konsonanti ni jeshi. Ukipiga la tano, umeongeza yako.

Msomi_Njaa

Nimerudi. Nimesikiliza ile sauti hadi jirani ameuliza kuna nini. Nilichopata:

Kaj ni ne timigas la noktajn fantomojn,
nek batoj dels orto, nek mokoj del homoj,
ĉar klara kaj rekta kaj tre difinita
ĝi estas, la vojo lekita.

Mizani 12, 12, 12, 9. Nimehesabu, iko sawa. "Dels orto" sijui ni nini, kamusi haina.

Tingatinga001

"Lekita" nimeangalia. Leki ni kulamba. Njia iliyolambwa. 😂😂 Naomba nibaki kwenye uzi huu.

BintiMvita

Karibu Tingatinga, ukishacheka umeshaingia.

Msomi, hongera, hukubuni mengi. Nianze na hilo la kulambwa. Ni "la voj' elektita", njia iliyochaguliwa. Kanuni ya 16, ile ya mwisho katika zile kanuni 16 za Zamenhof, inaruhusu kukata -o ya nomino na kuweka alama ya kukata badala yake. Kwa hiyo vojo inakuwa voj', na e ya "elektita" inaivaa ile y ya mwisho. Wewe ukasikia "vojo" kwa sababu ndilo neno unalolijua, kisha ukajaza kilichobaki. Mizani haikukuokoa hapo, hesabu ni 9 kote kuwili. Kilichotakiwa kukuamsha ni maana.

Hiyo "dels orto" ni "de l' sorto", ya majaliwa. La imekatwa a, imebaki l' peke yake imeng'ang'ania "de". Kanuni ni ileile. Ukisikia "de" au "tra" imeota l mwishoni ndani ya shairi, usitafute neno jipya kwenye kamusi.

Na hapa kuna faida ambayo Ngamia hakuitaja. Nomino iliyokatwa inakueleza mengi kwa kukatwa kwake. Haikatwi kama ina -j wala -n, inakatwa ikiwa -o tupu. Kwa hiyo ukisikia "kor'" au "voj'" unajua ni nomino, ni moja, na haitendewi. Na mkazo haurudi nyuma: "espero" ikikatwa inakuwa "es-PER'", mkazo umekaa mwisho kabisa. Neno refu lenye mkazo kwenye silabi ya mwisho ndani ya shairi, karibu kila mara ni nomino iliyokatwa mkia. Ndugu yetu wa Gitega nadhani hapa ndipo anapochanganyikiwa, kwa sababu kwa sikio la Kifaransa kila neno linasikika hivyo.

Sasa mshororo wa kwanza, ambao ndio wenye kesi. Msomi umeandika "ni ne timigas la noktajn fantomojn", hatuwatishi mizuka wa usiku. Sarufi yako haina doa. Lakini angalia kina. Mshororo wa kwanza umeishia na "fantomojn", wa pili "homoj". Hivyo vina gani?

Msomi_Njaa

Dada, si vinafanana? -omoj na -omojn.

BintiMvita

Vinafanana, havilingani. Kwetu pwani kina ni silabi ya mwisho, -ta kwa -ta, inatosha na tunasonga mbele. Kwao kina kinaanzia kwenye vokali yenye mkazo na kwenda hadi sauti ya mwisho ya neno: celo na ĉielo, iras na diras. Zamenhof katika ubeti huu hajavunja hata kimoja. Haya, "homoj" ina uhakika kwa sababu iko baada ya "de", na baada ya "de" hakuna -n. Kama ni homoj, basi ya juu ni fantomoj, hakuna n. Na kivumishi kinafuata nomino yake, kwa hiyo ni "noktaj".

Kama mizuka haina -n, mizuka ndiyo inayotisha. Inamtisha nani? Lazima kuwe na mtu mwenye -n mahali fulani kwenye mshororo. Mahali pekee inapoweza kujificha ni kabla ya "ne".

Kaj nin ne timigas la noktaj fantomoj.

Haitutishi mizuka ya usiku. Ile n isiyosikika, ndugu Kaa, umeipata kwa kina kilichoko silabi kumi mbele yake.

Kaa_la_Moto

Nimeisoma mara mbili. Sawa, hiyo ni kali.

Lakini bado hujaisikia n. Umeikokotoa. Anayesikiliza mazungumzo hana muda wa kukokotoa, na wala watu hawaongei kwa vina.

BintiMvita

Kweli, mara ya kwanza unakokotoa. Baada ya kujua ipo, rudi kwenye sauti ya Ngamia usikilize pale pale. "Nin ne" n yake imekaa kidogo zaidi kuliko ya "ni ne", na "nin" limepigwa uzito kwa sababu pigo linaangukia hapo: kaj NIN ne. Sikio linajifunza kitu ambacho tayari limeambiwa kipo. Kusikiliza redio tu hakukwambii kipo, ndiyo tofauti.

Ngamia_wa_Dodoma

Mimi hapa sina la kuongeza, Binti kalimaliza. Labda niseme kwa faida ya wengine kwamba mizani peke yake haitakuonyesha -n wala -j kamwe, kwa sababu si silabi. Mizani inakamata vokali ulizomeza, kina kinakamata konsonanti za mkiani. Ndiyo sababu nasisitiza shairi lenye vyote viwili.

malenga_asiyeandika

Binti, nikuulize kama mtu wa fani. "Difinita" na "elektita" hapo chini, hicho nacho ni kina? Zote mbili ni -ita ya kutendwa. Kwetu mtu akimaliza beti nzima kwa "-wa" za kutendewa, imepangwa, imejengwa, imeletwa, tunamwambia kachoka.

BintiMvita

Kwao pia, sheikh wangu. Wana hadi jina la kudharau, "adasismo", yaani kupanga vina kwa viambishi vitupu. Washairi waliofuata waliikwepa sana, hasa kile kizazi cha Budapest cha miaka ya 1920 na 1930. Zamenhof alikuwa anafungua njia, tumsamehe.

Ila kwa mwanafunzi wa kusikiliza kina cha namna hii ni zawadi. Ushairi wake dhaifu, mazoezi yake mazuri: -ita, -ita, mpaka sikio lishike tofauti yake na -anta na -ota. Nikiwafundisha wanaoanza naanzia hapo kwenye vina "vibaya", kisha napanda kwenda vile ambavyo kina kiko kwenye mzizi.

Kibuyu_cha_Asali

Salamu wadau. Mimi niko Nairobi, najiandaa na mtihani wa Kiesperanto wa KER (ule unaofuata ngazi za lugha za Ulaya), ngazi ya B1. Kuna sehemu ya kusikiliza. Hii ya mashairi itanisaidia ama nitapoteza time?

Kaa_la_Moto

Kibuyu, kwa mtihani sikiliza maongezi ya kawaida, watu tofauti, lafudhi tofauti. Hawatakuwekea mizuka ya usiku. Mashairi fanya asubuhi kama mazoezi ya viungo, halafu siku nzima redio.

Ngamia_wa_Dodoma

Nakubaliana na Kaa. Shairi ni la kunoa mkia, halikufundishi msamiati wa stesheni wala bei ya chumba. Ubeti mmoja vizuri kisha kipindi kizima cha redio. Na usikilize hasa Waafrika wenzako na Waasia, usizoee lafudhi ya Ulaya peke yake.

Kibuyu_cha_Asali

Sawa asanteni. Na nyimbo je? Mimi ile La Espero, wimbo wa Waesperanto, naijua yote kwa sababu huimbwa kila mkutano.

Umurundi_wa_Gitega

Unaiimba au unaielewa? Kwetu kuna watu wanaiimba mwanzo mwisho na ukiwauliza "flugu" ni kitenzi cha namna gani hawajui. Muziki unavuta vokali, unaweka uzito pale tuni inapotaka. Nzuri kwa kukariri. Kwa sikio, isome kwa mdomo bila tuni: "EN la MON-don VE-nis NO-va SEN-to". Silabi kumi, pigo zito linaanza, hafifu linafuata. Hapo utasikia "mondon" ina -n, ulimwenguni kwa maana ya kuingia, wakati mshororo wa pili ni "tra la mondo" bila -n. Ukiimba tofauti hiyo inapotea yote.

Msomi_Njaa

Hiyo ya mondon na mondo sikuwahi kuigundua na nimeimba Arusha nikiwa nimeshika kifua.

Swali jingine. Kuna rafiki kaniambia nikitaka ushairi wa kweli nianze na La infana raso ya William Auld, eti ndicho kilele.

BintiMvita

Rafiki yako anakutakia mabaya. Ni utenzi mrefu wa 1956, wenye sura 25, na mwandishi anabadilisha mitindo ndani yake anavyotaka. Kusoma, ndiyo, ukishakomaa, maana ni kazi kubwa na mwandishi wake alipendekezwa kwa Nobeli. Kusikiliza kwa mwanafunzi, hapana. Ukipoteza uzi si kila mahali utapata kina cha kukurudisha.

Kaa kwanza na Zamenhof. Msamiati wake mdogo, sentensi fupi, vina vinasikika kutoka mbali.

Kaa_la_Moto

Niongeze la kiufundi kabla sijaonekana mpinzani tu. Wengi mnapunguza spidi ya sauti kupita kiasi. VLC inakuruhusu kushuka utakavyo, lakini ukishuka chini ya 0.75 hivi sauti inaanza kuharibika na konsonanti hazisikiki vizuri. Mghani mwenyewe tayari anasoma taratibu. Kama hupati, kata kipande kifupi ukirudie kwa spidi yake ya kawaida, usiliburute shairi zima.

Na kwa wanaotumia spika ya simu ndogo: c na s, ĉ na ĝ, hazitatofautika. Tafuta hedifoni hata za bei rahisi.

malenga_asiyeandika

Kaa umeshalainika, karibu kwenye fani. 😀

Kaa_la_Moto

Nimesema la kiufundi tu.

Ngamia_wa_Dodoma

Haya wakuu, kazi ya pili. Nimeweka sauti nyingine, safari hii kasoma BintiMvita. Ni lile shairi la moyo alilolitaja Kaa, mishororo minne ya kwanza. Wa tatu mnaujua tayari kwa hisani yake. Mizani ni 11, 10, 11, na wa nne ni 4 tu. Kuna nomino moja imekatwa, itafuteni kwa mkazo. Kanuni ni zilezile, ukikosa weka vistari.

Kibuyu_cha_Asali

Wa kwanza nimepata: Ho, mia kor', ne batu mal – – –. Kor' imekatwa, ni koro, moyo. Mkazo uko hapo hapo na inalingana na neno la mwisho la mshororo wa pili, "for". Huyo moyo unaambiwa usipige... namna gani sijui. Inaishia na -e.

Umurundi_wa_Gitega

Makofi yako umeyahesabu vizuri. Neno lake nililiandika huko juu, panda usome.

Kibuyu_cha_Asali

Maltrankvile! Mal ya kinyume, trankvila ni tulivu. Usipige bila utulivu.

Msomi_Njaa

Na mimi nimejaza zote:

Ho, mia kor', ne batu maltrankvile,
el mia brusto ne saltu for!
Jam teni min ne povas mi facile,
ho, mia kor'!

Usiruke ukatoka kifuani mwangu. Safari hii hakuna aliyelambwa.

BintiMvita

Vizuri sana Msomi, ila hesabu mshororo wa pili.

Msomi_Njaa

El-mi-a-brus-to-ne-sal-tu-for. Tisa.

BintiMvita

Ngamia kasema kumi. Kuna neno zima limemezwa na hiyo "ne". Rudi kasikilize.